Kanda ya Nne na ya Tano

Binti zetu wawili wameniuliza mara nyingi kwa nini mama yao alikwenda kufia kwao Makueni, na nyumba yake ilikuwa hapa Kitui, karibu na Tulia, ina kitanda, ina mume. Huwa nawajibu kwamba alitaka kuwa karibu na mama yake. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Yaliyobaki yanahusu kanda mbili za video, na mtu akiyasikia juu juu atafikiri ni mambo ya kitoto.

Nilikuwa nikifundisha useremala katika politekniki ya kijiji. Shule nilisoma hadi darasa la saba, mengine nikajifunzia mikononi mwa fundi aliyenipiga na rula. Miaka ya themanini ikielekea mwisho tuliletewa mwalimu wa kujitolea, kijana kutoka Japani, aje kufundisha umeme na hesabu. Alikaa miaka miwili. Alikuwa mkimya, alikula isyo, mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha, bila kulalamika, na Kiswahili chake kilikuwa kama changu, cha kuokota. Alikuja na televisheni ndogo na mashine ya video, na mama yake alikuwa akimtumia kanda alizorekodi huko nyumbani kwao, katuni za Kijapani, pamoja na matangazo yao ya sabuni na biskuti katikati. Alipoondoka alituachia vyote ndani ya katoni moja. Zilikuwa kanda kumi na moja. Ufunguo wa kabati la karakana nilikuwa nao mimi, kwa hiyo kanda zikawa zangu kuzitunza.

Tulikuwa na jenereta ya kuendeshea msumeno na mashine ya kulehemu. Jumamosi alasiri, kazi ikiisha, kamati ilituruhusu kutumia mafuta yaliyobaki. Vijana walisukuma benchi kando, wakafagia maranda, watu wakaja hata kutoka ng'ambo ya kilima. Kanda sita kati ya zile zilikuwa za mapigano. Majitu ya chuma yalishuka kutoka angani, yakabomoa mji mzima, na vijana wakayapa jina la Watu wa Mabati. Hakuna aliyeelewa neno moja la Kijapani na hakuna aliyehitaji kuelewa. Jitu likitoa mkono, karakana yote ilijua litapiga nani. Mimi pia nilizipenda mwanzoni, sitasema uongo. Baada ya kazi ya wiki nzima ni vizuri kuona kitu kikivunjika ambacho si wewe utakitengeneza.

Kanda tano zilizobaki zilikuwa za hadithi nyingine kabisa. Kabla hajaondoka, yule kijana alitueleza sehemu ya kwanza, akajitahidi sana. Kuna mzee mvushaji. Kazi yake ni kuvusha watu mto mkubwa kwa mashua. Siku moja anamvusha msichana, na msichana anamwambia, nikirudi nitapita hapa, univushe wewe. Msichana anakwenda. Halafu mto unakauka. Wavushaji wengine wanauza mashua zao kuwa kuni. Huyu habanduki. Mashua yake imekaa kwenye mchanga, na watu wanaopita kwa miguu anawaita, wanapanda upande mmoja, wanakaa kidogo wanazungumza naye, wanashukia upande wa pili, wanaendelea na safari yao. Basi. Kila sehemu mtu mmoja anapita, anakaa, anasema yaliyompata.

Siku ya kwanza tulipoiweka, karakana ilijaa. Baada ya dakika kumi vijana walianza.

"Mwalimu, huyu mzee si achimbe? Mchanga wote huo! Maji yako hapo futi tatu."

"Labda hana jembe."

"Ana ule mwiko mkubwa. Achimbe na mwiko."

"Mwiko" lilikuwa kasia. Nani kwetu alikuwa amewahi kuona kasia? Lakini mto uliokauka tunaujua. Kwetu mto ukikauka ndipo kazi yake inapoanza. Unachimba mchangani, unazungushia miiba ng'ombe wasivuruge, unateka. Kwa hiyo watu wote mle ndani walishika hivyo, kwamba hadithi hii ni ya maji, na kwamba mzee atachimba. Wiki ya pili walirudi kuona kama amechimba. Hakuchimba. Mama mmoja mzee aliyekuja na kazi yake ya kusuka akasema huyo amelogwa, mtu mzima hawezi kukaa juu ya maji na kiu yake namna hiyo. Wiki ya tatu hawakurudi.

Mke wangu alirudi. Alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, kikapu cha kiondo ambacho hakijaisha kusukwa kikiwa mapajani, na walipokuwa wakimcheka yule mzee alisema, bila kuinua macho, "Hana kiu. Mmemwona wapi akitafuta maji? Anangoja mtu."

Tangu siku hiyo utaratibu ukawa huo. Watu wa Mabati kwanza, karakana imejaa, kelele mpaka barabarani. Wakitoka, mafuta yakiwa yamebaki kidogo, naweka Mzee wa Mto, sehemu moja, kiasi cha nusu saa, na watazamaji ni mimi na yeye. Vijana walikuwa wakitutania. Mmoja alimwambia mke wangu, "Mama, msalimie babu yako hapo mtoni, mwambie mvua ikinyesha atuambie." Akamjibu, "Nitamwambia. Na nyinyi wasalimieni mabati yenu, sisi kwetu paa linavuja."

Mimi nilichelewa kuipenda. Niliipendea mbao. Aliyechora mashua ile alikuwa amekaa na fundi. Mbao ziliunganishwa kwa vigingi wala si misumari, na ungeona mahali tobo lilipotobolewa vibaya likazibwa. Katika sehemu ya tatu mgeni mmoja mzito alipanda, ubao wa kando ukapasuka. Nikafikiri, wiki ijayo watasahau, maana Watu wa Mabati huvunjwa vichwa leo na Jumamosi ijayo wako wazima. Wiki iliyofuata ufa ulikuwepo. Na iliyofuata. Mzee alikuwa ameufunga kwa kamba, na kamba nayo ikaanza kuchakaa. Hapo ndipo niliposema, hii ni kazi ya mtu anayejua kwamba kitu kikivunjika kimevunjika. Sijui kama kuna njia nyingine ya kueleza kwa nini hadithi moja ni bora kuliko nyingine. Mimi ninayo hiyo tu.

Yeye alitazama vitu vingine. Alitazama kwamba mzee anamimina chai vikombe viwili hata kama hakuna mgeni. Alitazama kwamba anakohoa, na kwamba kikohozi cha sehemu ya sita si kile cha sehemu ya pili. Tukienda nyumbani alikuwa akisema, "Unafikiri yule msichana atakuja kabla hajafa?" Nami nilikuwa nasema, "Labda wataachia hapo hapo." Akasema, "Hawawezi. Mtu hamimini kikombe cha pili mara zote hizo halafu hadithi iachwe." Alizungumza juu ya jambo hilo kama mtu anayezungumza juu ya jirani.

Yeye mwenyewe wakati huo koo lilikuwa linafunga. Lilianza na ugali. Akasema unamkwama, akawa anaupunguza. Halafu maharagwe, halafu viazi. Kufikia tulipoanza kanda ya pili alikuwa anakula uji tu. Nilimpeleka hospitali Kitui, wakamwingiza mpira kooni, wakampiga picha, na daktari akaniita mimi pembeni. Alisema ni saratani na imekwenda mbali. Nikauliza muda gani. Akasema mwezi mmoja, ikizidi sana mmoja na nusu. Mke wangu hakuuliza. Tulipotoka nje alinitazama usoni, akasema, "Twende, mbuzi hawajatolewa."

Kanda kila moja ilikuwa na sehemu nne. Nilikuwa mtu wa vipimo, na tangu hospitali kichwa changu kilikuwa kinapima chenyewe. Tulikuwa tumeona nusu ya kanda ya pili.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kamati alikuja karakana. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, sina neno baya juu yake. Tulikuwa tunajiandaa kwa harambee ya jengo jipya, na mgeni wa heshima alikuwa mtu mkubwa. Kamati ilitaka siku hiyo yote ipigwe video. Mpiga picha wa Kitui alikubali kuja na kamera yake, lakini kanda tupu zilikuwa hazipatikani.

"Fundi," mwenyekiti aliniambia, "wewe una kanda nyingi za Mjapani. Tupe mbili za kufuta."

"Zipi?"

"Mimi sizijui. Chagua mwenyewe."

Nilisimama mbele ya kabati. Ningetoa mbili za Watu wa Mabati, vijana wangelalamika, na wangelalamika kwa kamati, na mimi nilikuwa sina cheti cha ualimu, nilikuwa pale kwa hisani ya kamati. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili niliifikiri nikiwa nimeshika kanda ya nne mkononi. Nilihesabu. Sehemu mbili zilizobaki za kanda ya pili, na nne za kanda ya tatu, ni Jumamosi sita. Mwezi mmoja na nusu. Nikajiambia, ya nne na ya tano hatazifikia.

Hakuna aliyenisukuma. Ningeweza kusema hizi za mke wangu, anaumwa, ngojeni. Ningeweza kuomba mafuta zaidi, nikamwonyesha sehemu mbili au tatu kwa siku, akamaliza zote, halafu zikafutwa. Mwenyekiti angekubali, alikuwa mtu wa namna hiyo. Sikuomba kwa sababu kuomba kungemaanisha kusema kwa sauti kwamba anakufa, na sikutaka kuwa mtu wa kwanza kusema. Kwa hiyo badala ya kusema nilihesabu, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Kanda zile zilikuwa zimekingwa. Pembeni ya kanda kuna ulimi mdogo wa plastiki, ukivunjwa mashine inakataa kurekodi juu yake. Yule kijana alikuwa amevunja ndimi zote kabla ya kuondoka ili tusije tukafuta kwa bahati mbaya. Nilikata karatasi mbili ngumu, nikaziba vitundu kwa gundi ya mbao, nikangoja zikauke, nikampa mwenyekiti. Nilifanya kazi safi. Zilishika.

Harambee ilikuja ikapita, na kanda zikarudishwa kabatini. Tukaendelea na Jumamosi zetu. Mke wangu aliacha kutembea na kiondo kwa sababu mikono ilikuwa imechoka, lakini alikuja. Alikuja akiegemea fimbo, halafu akiniegemea mimi. Uji ukawa maji ya uji. Jumamosi ya tano alikaa kwenye rundo la maranda kwa sababu benchi lilimuumiza mifupa. Jumamosi ya sita tulimaliza kanda ya tatu, na yeye alikuwa hai.

Mwisho wa kanda ile mzee wa mto alikuwa amelala ndani ya mashua, anapumua kwa shida. Halafu ng'ambo, mbali sana, mtu akaonekana anakuja kwa miguu. Mdogo kama punje. Huwezi kujua ni mwanamke au mwanamume. Picha ikakatika, likaja tangazo la biskuti.

Mke wangu alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Ni yeye," alisema. "Umeona anavyotembea? Ni yeye."

Nikasema, "Labda."

Wiki hiyo alikunywa maji ya uji zaidi ya wiki zote zilizotangulia. Alijilazimisha. Nilimwona akifumba macho na kumeza, anangoja maumivu yapite, anameza tena. Nilijua anamezea nini. Jumamosi asubuhi nilimwambia jenereta imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Alasiri nilikwenda, nikawawekea vijana Watu wa Mabati kama kawaida, na nilisahau jambo ambalo mtu yeyote wa kijiji kile angekumbuka, kwamba siku zenye upepo wa kutoka mashariki jenereta ile husikika mpaka nyumbani kwetu. Alikuwa amelala anaisikiliza. Akaamka, akachukua fimbo, akatembea peke yake. Ni mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye afya. Alipofika mlangoni picha ilikuwa inaishia. Vijana walimpisha. Alikaa kwenye maranda mpaka wakatoka wote.

"Sasa weka yetu," alisema.

Sikuwa na uongo mwingine. Nilichukua kanda ya nne kabatini nikaiweka. Ikaja harambee. Kwaya, halafu mwenyekiti anakaribisha, halafu mgeni wa heshima anashuka kwenye gari. Alitazama kwa muda mrefu. Nafikiri mwanzoni alidhani ni kama lile tangazo, kwamba litapita.

"Mzee wetu yuko wapi?"

"Amefutwa. Wamerekodi juu yake."

"Hayuko chini yake?"

"Hapana. Haina chini. Ikifutwa imekwisha."

"Na ya tano?"

"Na ya tano."

Kwenye televisheni walikuwa wanapiga makofi. Nilitaka kuzima lakini alinionyesha kwa mkono niache.

"Nani alichagua?"

"Mimi."

"Mabati zilikuwa sita, baba yao. Kwa nini zetu?"

Nikamwambia habari ya vijana na kamati. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kunitazama, kama mtu anayejua kuna kitu kimebaki chini ya sufuria. Katika miaka ishirini na minne ya ndoa sikuwa nimewahi kumdanganya zaidi ya ule uongo wa jenereta, na huo ulikuwa umenishinda siku ileile. Nikasema, "Nilifikiri hutazifikia. Daktari alisema mwezi na nusu. Nilihesabu Jumamosi."

Jenereta ilikohoa, mafuta yalikuwa yanaisha.

"Basi nisamehe," alisema. "Nimechelewa."

Hakulia na hakupaza sauti. Nilimbeba mgongoni kurudi nyumbani kwa sababu miguu ilikataa. Alikuwa mwepesi kama mbao za msonobari zilizokauka.

Jumatatu aliomba apelekwe kwa mama yake, kule ndani Makueni, nyuma ya mji wa Wote. Ndugu zangu walisema haifai, mke aliyeolewa kwa mahari kamili hapelekwi kwao kuugulia, watu watauliza tumemfanya nini. Niliwaambia nitampeleka. Nilipata gari la mtu aliyekuwa akipeleka mbegu huko, tukamtandikia godoro nyuma.

Aliishi wiki saba zaidi. Daktari alikuwa amekosea kwa karibu miezi miwili, na mimi nilikuwa nimejenga juu ya kipimo chake. Nilimtembelea mara nne. Tulizungumza habari za mbuzi, za binti zetu waliokuwa Emali wakifanya kazi hotelini, za mbaazi ambazo hazikushika. Alinisalimu vizuri. Alinikumbusha nibadilishe shati. Habari za mzee wa mto hakuzigusa, nami sikuthubutu.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Tulimleta nyumbani, akazikwa hapa upande wa kushoto wa boma, mchungaji akasoma, watu wakaimba. Ndugu zake walikaa nasi siku tatu. Dada yake mdogo, ndiye aliyekuwa akimlisha na kumgeuza wakati wote ule, nilimkuta siku ya pili nyuma ya jiko akipepeta mtama, akaniambia kitu nisichokitarajia.

"Shemeji, dada alitupa hadithi nzuri kabla ya kwenda."

"Hadithi gani?"

"Ya mzee wa mashua. Jioni baada ya jioni. Sauti ilikuwa imeisha, tulikuwa tunaweka masikio karibu na mdomo wake, halafu mimi nawarudishia wengine kwa sauti. Mpaka mama alikuwa anangoja jioni ifike. Sasa kule kwetu kila mtu anaijua."

Nikamuuliza kama alifika mwisho.

"Alifika. Aliimaliza Jumanne."

Jumanne, siku mbili kabla. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mbele ya nyumba, naye anaijua, lakini kwa nthoni, ile heshima ya kujitenga na mama mkwe, mkwe haulizi jambo kama hilo, hata kumsogelea nilikuwa siwezi. Wa kuulizwa alikuwa huyu tu. Nikamwuliza kile ambacho mke wangu alikuwa akiniuliza mimi kila tulipokuwa tukirudi nyumbani.

"Yule msichana alikuja?"

Shemeji yangu aliacha kupepeta. Si mtu mkatili. Aliona haya, aliangalia ungo wake.

"Alisema utauliza," akasema. "Alisema ukiuliza nikwambie kanda ilifutwa."

Nikamwambia ahsante. Akaendelea na mtama.

Imepita miaka kadhaa. Makueni nimekwenda mara nyingi tangu siku hiyo, kwa harusi, kwa vilio, na huko hata watoto wadogo wanaijua hadithi ile. Mara moja nilipita karibu na uwanja wakati bibi mmoja alikuwa akiwasimulia, akawa amefika mahali pa ule ufa wa ubao uliofungwa kwa kamba. Ningesimama ningesikia yote. Niliondoka nikaenda kukaa na wanaume. Binti zangu sijui kama wao wameisikia. Wakiisikia, wakanihurumia na kutaka kunieleza mwisho wake, naomba wasinieleze.